Gari Jepesi la Shemeji Twalha

Shemeji yangu Twalha ni fundi magari hapa Bagamoyo, na kwa kuwa shemeji hutaniwa, nitamsema nipendavyo. Mkono wake hauna kasoro. Kichwani mwake ndimo mna tatizo, maana mna gari moja tu.

Gari lenyewe ni la michezo, la milango miwili, na limenizidi umri. Alilipata kwa Mwalimu Gaspari, mstaafu anayekaa karibu na misheni, ambaye kuku wake walikuwa wakitagia humo. Chumvi ya bahari ilikuwa imelila sakafu, ukikaa unaona mchanga chini ya miguu. Twalha akalivuta mpaka uani kwa dada yangu Raya, akaliweka pale pale penye kamba ya kuanikia nguo. Tangu siku hiyo Raya akaliita mke mwenza.

Akakata bati lililooza, akachomelea jipya. Akang'oa injini, akatia nyingine kubwa iliyotoka kwenye gari la ajali, akaifungia turbo inayopiga mluzi kama birika. Kisha akaanza kulipunguza uzito, kwa sababu alikuwa analitayarisha kwa mashindano ya mbio fupi, magari mawili kwenye njia iliyonyooka, wa kwanza kufika ndiye. Akatoa redio, zulia, tairi la akiba. Akatoa kiti cha mbele cha abiria. Raya akakiokota, akakiweka jikoni, akawa anakikalia akichambua mchele. Kibenchi cha nyuma tu ndicho kilichopona, nati zake ziliganda kwa kutu. Ukisahau hata leso humo ndani, ulikuwa unarushiwa dirishani.

Mwaka huu Raya alichoka. Akamwambia mbele yetu sote, "Huyo mpinzani wako Amedeus wa Dar akikushinda, mnunuzi wa vyuma chakavu anakuja kulichukua. Nataka kamba yangu ya nguo."

Twalha hakubisha. Baadaye akaniambia, "Shemeji, kila gari ninalotengeneza linaondoka na mwenyewe. Hili tu ndilo linalobaki." Nilimhurumia kweli.

Mashindano yalifanyika kwenye kipande cha lami cha shamba la zamani la mkonge, nje kidogo ya Kerege. Raya alikataa kuja. Mimi na mama yetu, Bi Kibibi, tulifuata kwa bajaji. Mama ni pande la mtu, na hujivunia.

Mbio zilikuwa tatu, na wa kushinda mbili ndiye mshindi. Ya kwanza, Twalha aliondoka kama anayefukuzwa na nyuki. Amedeus, pamoja na gari lake jipya na stika zake zote, akabaki nyuma. Tukapiga vigelegele. Twalha akafungua buti kutafuta spana, akakuta viroba viwili vya nazi.

"Nani katia hizi?"

"Mimi," mama akasema. "Binamu yangu Wahida anakaa hapa Kerege. Nije kwake mikono mitupu, nimelelewa wapi?"

Mkwe hagombezwi. Twalha akameza hasira yake, akazipakia nazi kwenye bajaji ziende kwa Wahida. "Sasa ndipo mtakapoona mwendo," akaninong'oneza.

Tukaona moshi. Magurudumu ya nyuma yalizunguka papo hapo, gari likatikisa mkia, na Amedeus akafika mwisho akaanza kupiga picha. Twalha akashuka, akatazama matairi, akatazama buti tupu, akashika kichwa. Alikuwa amelifanya jepesi mno nyuma, matairi hayakuweza kukamata lami. Nazi za mama ndizo zilizomshindia ile ya kwanza.

Bajaji ilikwisha kwenda. Shuaibu, msimamizi wa mbio, akakataa mawe na mchanga. Nazi hakuziona, alisema, lakini sasa macho yake yako wazi: mizigo hapana, abiria mmoja mwenye helmeti ruhusa. Twalha akanitazama mimi, mwembamba kama ufagio. Kisha jicho lake likamwendea mama, likarudi chini upesi.

Sasa mtu wa pwani atamwambiaje mkwewe kwamba anahitaji uzito wake? Twalha huyu hata kula sinia moja na mama anaona haya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tangu asubuhi unaniamkia tu, mwanangu. Una nini?"

"Naona jua kali hapo ulipo."

"Kali."

"Ndani ya gari kuna kivuli."

Mama akalitazama gari. "Na hicho kivuli kinakwenda mwendo gani?"

Twalha alitamani ardhi ipasuke immeze. Mimi nilikwisha geuka, nimeuma ushungi nisicheke.

"Nazi zangu umezifukuza," mama akasema huku akivua viatu, "sasa unamtaka mwenye nazi. Lete hiyo helmeti."

Tulimsukuma watu wawili mpaka akaingia kwenye kibenchi cha nyuma. Akafunga mkanda, akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti. Gari likainama nyuma, likatulia. Bendera iliposhuka, matairi hayakuteleza hata kidogo. Yaliuma lami, gari likachomoka, na katikati ya ule mngurumo nikasikia kigelegele cha mama. Walimpita Amedeus kwa urefu wa boneti.

Raya alitupokea mlangoni. "Limeshinda?"

"Tumeshinda," mama akasema.

"Mama, umelipanda?" Sauti yake ikabadilika. "Miaka yote linalala uani kwangu, na mimi sijaambiwa hata 'karibu'."

Twalha alisimama na helmeti mkononi, uso umemshuka, na kwa mara ya kwanza sikumwona akiliangalia gari. Akapita mpaka jikoni, akainama kwenye kile kiti, akaanza kukipangusa pumba za mchele.

"Nakirudisha mahali pake," akasema.

Kabla hajakinyanyua, Raya akakikalia.

"Kirudishe," akamwambia, "lakini mimi sishuki."