Jicho la Farasi wa Garsen

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu Waingereza wakicheza na farasi wa mbao kijijini kwao, mwili wake duara kubwa la kitambaa cheusi, taya zikigonga ko! ko! ko! Nilimrudishia simu upesi.

Farasi kama huyo nilikutana naye Garsen nikiwa mdogo, alasiri ya sikukuu ya Wazungu. Alitokea nyuma ya nyumba ya bwana shauri, Mzungu aliyesimamia wilaya yetu, akinuka lami na jasho. Ng'ombe wa Waorma walitimka. Farasi sikuwa nimewahi kumwona, lakini taya za namna ile nilizijua. Mamba wa mtoni kwetu alikuwa nazo. Yule farasi akamzunguka mama, akainua kitambaa, akamfunika gubigubi. Mama akapiga ukelele mmoja.

Bibi alikuwa ametufundisha: "Mamba akikukamata, mtie vidole machoni, atakuachia."

Nikamrukia huku nalia, nikachokonoa jicho kwa nguvu zangu zote mpaka likang'oka. Na kweli, akamwachia. Mama akatoka chini ya kitambaa ameshikana mikono na mke wa bwana shauri, ambaye ndiye aliyekuwa ndani akimchezesha farasi, wote wawili hoi kwa kicheko.

"Mwanangu, ni mchezo tu! Huyu hali mtu."

Sasa najua ni mchezo wa kwao wa kuleta heri. Lakini lile jicho, kifungo cheusi cha koti, sikulirudisha. Miaka yote niliyoteka maji mtoni nilikwenda nalo mkononi, ili mamba walione.