Chembe Zilizompitia Binti wa Boazi

Mwaka 1987 Mwalimu Sia, mzaliwa wa Moshi, alikuwa akifundisha fizikia kwenye sekondari moja karibu na Ikuti, si mbali na mji wa Tukuyu. Redio ilipotangaza kuwa nyota kubwa imelipuka, aliwaeleza wanafunzi kwamba chembe zake, nyutrino, zilipenya dunia nzima na miili yetu pia, na kwamba wataalamu sasa wanasaka nyingine zenye nguvu zaidi.

Maneno hayo yalifika majumbani. Wiki hiyohiyo binti mdogo wa Boazi, mkulima wa chai, akafariki. Kwa kuwa mwalimu alisema kuna vitu vinavyopenya miili ya watu, Boazi akaamini amekiri uchawi. Alikuja na wenzake wakiwa na fimbo na mapanga, wakamburuta Sia nje ya darasa, wakamvunja mkono na kumpasua kichwa. Panga lilikuwa limeshainuliwa wakati Atupele, mke wa Boazi, alipojitupa juu ya mwalimu.

"Mwanangu alikuwa na homa tangu Jumapili," alimwambia mumewe. "Ni wewe uliyekataa tumpeleke hospitali."

Wanaume wakaondoka mmoja mmoja. Boazi akaketi kwenye matope.

Sia alipozinduka katika wodi ya hospitali ya Tukuyu, Atupele alikuwa kando yake.

"Mwalimu, hivyo vitu vilimpitia na mwanangu?"

"Vilimpitia, mama. Havikumuumiza."

Atupele akauinamia mkono wa Sia usiovunjika, akalia.