Wanataka Nikubali Kwamba Faili Niliyotayarisha Ndiyo Iliyomuua Mama Yake

Admin, ficha jina langu, na la kliniki pia usiliweke. Isiolo ni ndogo.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, nalea watoto wawili peke yangu. Hakuna aliyenishika mkono. Niliuza chai na chapati stendi mpaka karo ya kozi ya rekodi za wagonjwa ikatimia, na sasa natayarisha faili katika kliniki ya meno. Kila alasiri natoa faili za wagonjwa wa kesho, nawapigia simu, nawauliza wanaumwa na nini kingine na wanatumia dawa gani. Mwenye kisukari, mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye dawa ya kuzuia damu kuganda, faili yake naibandika stika nyekundu. Daktari akiiona anajua hilo jino haling'olewi kwa haraka.

Sasa mjue kitu kimoja. Huku kwetu nafasi ya daktari si ya mtu, ni ya boma. Nauli ya kutoka vijiji vya mbali kama Kulamawe si mchezo, kwa hivyo mwenye nafasi akifuata mifugo, atakuja shangazi, atakuja kaka, yeyote anayeumwa. Ndivyo wanavyosaidiana, na mimi sioni ubaya. Lakini nikitoa faili ishirini, kwa nne au tano atakuja mtu mwingine kabisa. Ndiyo maana asubuhi nilikuwa nakaa mapokezi, namtazama mtu usoni, namtafutia faili yake halisi kabla hajaingia.

Kisha mke wa daktari, tunamwita Madam, akachukua usimamizi. Akamleta binti wa dada yake mapokezi, mimi nikasukumwa chumba cha nyuma. Nilimweleza habari ya nafasi za boma. Akacheka.

"Wewe kaa na makaratasi yako huko. Hapa mbele tunataka sura inayotabasamu, si polisi wa kuuliza watu kitambulisho."

Kuna dada nitamwita Halima, ameniuzia maziwa ya ngamia tangu siku zangu za chai. Nilimpigia siku moja kabla ya zamu yake.

"Halima, dawa gani unatumia?"

"Dawa? Dada, mimi ni mzima kama punda. Ni jino tu."

Tukacheka. Faili yake ikaenda bila stika, na ilistahili kwenda hivyo.

Kesho yake yule binti wa mapokezi akaita, "Halima!" Akainuka mama yake. Faili ilisema mgonjwa ana miaka thelathini na moja. Aliyeketi kwenye kiti ana wajukuu wanaosoma. Daktari hakuuliza kitu. Aling'oa, akaweka pamba, akamwambia aiume. Mama huyo alikuwa anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda kwa sababu ya moyo. Faili yake mwenyewe, yenye stika nyekundu niliyoibandika kwa mkono wangu, ilikuwa kabatini. Mimi niko nyuma. Sikumwona akiingia wala akitoka.

Damu ilianza kwenye gari la kurudi. Wakadhani ni kawaida ya jino. Nyumbani wakampa maji ya chumvi asukutue. Ilipozidi wakatafuta gari la kumrudisha mjini, akakata roho njiani.

Wazee wa familia walipokuja, daktari aliwaambia mimi nikiwa nimesimama pale pale: "Faili ya mama ilitayarishwa vibaya. Aliyetayarisha ni huyu." Alininyooshea kidole kama mbuzi wa mnadani. Nilipofungua mdomo, Madam akaniminya mkono.

Wazee hawataki polisi. Wanataka maslaha, yaani watu wakae chini, mwenye kosa akubali, mifugo ilipwe, yaishe. Daktari akaniita ofisini.

"Utasimama useme ulikosea. Mifugo nitalipa mimi, na kazi yako ipo. Ukikataa, nawaachia mawakili. Hiyo familia itazunguka kortini mpaka ichoke, na wewe utarudi kwa chapati zako."

"Na jina langu, daktari?"

"Jina litakulipia karo?"

Nilikata shauri kukataa. Nikaenda msibani nimweleze Halima ukweli kwanza. Nilimkuta kwenye mkeka, tasbihi ya mama yake mkononi. Kabla sijaanza, akasema:

"Dada, jino lilikuwa limemnyima mama, Ayyo wangu, usingizi. Nikamwambia, Ayyo, chukua nafasi yangu, jino langu litangoja. Angalau hilo nilimfanyia. Ndilo pekee linanifariji."

Nikampa pole, nikaondoka bila kumweleza. Nikisema ukweli, lazima niseme faili iliyosomwa ilikuwa ya Halima mwenyewe, kwa sababu nafasi ilikuwa yake. Wewe unayesoma hapa unajua kosa ni la mapokezi na la daktari asiyeuliza mgonjwa hata neno moja. Lakini yeye aliyefiwa atasikia maneno mawili tu: nafasi yangu.

Nikikubali, nimekuwa muuaji katika mji nilimoanza nikiwa na jiko moja na sufuria, na watoto wangu wanasoma shule moja na wajukuu wa marehemu walioletwa mjini kusoma. Tena hakuna kitakachobadilika. Juzi yule binti ameita "Mohamed!", wakainuka wawili, akamchukua aliyekuwa karibu na mlango. Nilitoka mbio chumba cha nyuma kumzuia. Madam akaniuliza nani ameniita.

Kikao ni Ijumaa baada ya swala. Leo asubuhi Halima amenipigia.

"Dada, usiogope kuja. Wazee wakikuuliza, sema tu ulikosea. Mimi nilishakusamehe."

Nikamjibu asante. 

Mliowahi kukaa katika vikao kama hivi, na hasa nyinyi mliofiwa na mama, nielekezeni. Ijumaa nikiinuka mbele ya wazee, na Halima ananitazama, niseme nini?