Vizibo vya Theophil

Wewe unayekunywa soda kila adhuhuri, umewahi kujiuliza kama chupa yako inawanyima watu mvua?

Theophil alijiuliza, na swali hilo likamkosesha usingizi. Alikuwa Mchaga wa Uru, mtu mzima, na tangu kabla ya Uhuru alikuwa akifunga vizibo kwa mashine ya mkono katika kiwanda kidogo cha soda cha Kantilal, mtaani Mchafukoge. Mwaka ule wa ukame alipata habari kwamba mfereji unaonywesha migomba ya mama yake umekauka. Kwao, anayeziba mfereji wakati wa zamu ya mwenzake huitwa mwizi mbele ya ukoo, na hutozwa mbuzi. Akatazama makreti yaliyopangwa hadi darini, akajiona yeye ndiye mwizi huyo.

Jioni moja, nikitoka darasani, nilimkuta mlangoni pa kiwanda, anavua aproni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, msomi. Naacha kazi. Miaka yote hii nafungia maji ya watu, mbingu zitapata wapi ya kunyesha?"

Nikawaka. Nchi nzima inahimizwa kulima, na mtu mzima anaogopa soda!

"Mzee, soda ikinywewa hutoka kwa jasho na mkojo, jua likainyanyua tena. Na hata iliyolala stoo si kitu! Chupa zote za nchi hii, mbele ya bahari, ni kijiko tu. Bahari ndiyo inayolisha mawingu, upepo ndio unaoyaleta. Mwaka huu upepo haukuyaleta."

"Kwetu hata kijiko kina mwenyewe."

"Lakini hakizuii mvua! Ukiacha kazi, mama atakula nini?"

Akasugua viganja vyake vyenye sugu. "Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe."

"Na nikiacha, haitanyesha?"

"Haitanyesha."

Akaikunja aproni, akaitia kwapani. Niliondoka mbiombio, moyo haujatulia, ingawa nilijua nimesema kweli.

Asubuhi yake, nikikatisha Mnazi Mmoja kwenda Posta, nilimwona juu ya lori la Moshi, kakalia gunia la sembe, jembe jipya mkononi. Kantilal alikuwa chini, kang'ang'ania ubao wa lori, anatweta.

"Theophil! Si umesema mwenyewe umeambiwa chupa hazina kosa?"

"Nimekubali, bwana. Kama si mimi niliyeyaziba maji, basi kuyangoja ni bure. Mfereji unataka kuchimbwa juu zaidi, maji yaliko, na mama hawezi."

"Na vizibo atafunga nani?"

Theophil akaniona. Akaninyooshea jembe.

"Mchukue yule. Anajua habari za maji yote ya dunia!"

Abiria wakaangua kicheko, lori likaondoka. Kantilal akanigeukia, akanipima kwa macho toka juu hadi chini.

"Kijana," akaniuliza, "mikononi una nguvu?"