Matusi Yangu, Adhabu ya Idi

Siku hiyo sebuleni kwetu, mtaa wa Jabe, tulikuwa watano: mimi, mdogo wangu Idi, dada yetu Zaina, na wenzake Idi wa timu, Bosco na Shabani. Wavulana walikuwa kwenye nusu fainali ya mchezo wa vita wa mtandaoni.

Niliacha shule darasa la sita, wazazi walipofariki, nikawalea Idi na Zaina, wanaoniita Yaya, yaani mkubwa wao. Kosa nisilolisamehe ni matusi. Anayetukana namchapa fimbo.

Mpinzani mmoja akamwambia Idi, sote tukisikia, kwamba yatima hana wa kumfunza. Idi akabonyeza mahali, akanyamaza.

“Unamwogopa? Mujibu,” nikamwambia.

“Yaya, acha. Sheria ya mchezo inakataza kujibu. Nimeisha kumushitaki.”

Mtaani kwetu anayenyamaza amekubali. Nikampokonya kipaza sauti, nikamtukana yule kijana, mama yake na bibi yake, kwa Kiswahili na kwa Kirundi. Mchezo ukasimama. Yakatokea maandishi mekundu ya Kifaransa.

“Inasema nini?” nikamuuliza Zaina.

“Akaunti imefungwa mwaka muzima, sababu ya matusi.”

Nikapiga makofi. “Munaona? Mushenzi amekamatwa.”

Bosco akaanza kukunja waya wake.

“Yaya,” Shabani akasema polepole, “iliyofungwa njo ya Idi.”

Idi hakunitazama. “Ningetukana mimi, ungenichapa.”

Bosco na Shabani nimeshawaomba radhi. Radhi ya Idi bado ninadaiwa, na fimbo ingali nyuma ya mlango.