Zulia la Jirani Yangu Mwajemi

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa nikiishi na binti yangu katika fleti moja ya Brooklyn Park, huko ughaibuni. Kwenye mlango unaotazamana na wetu alihamia mama mmoja Mwajemi, mtu mzima kama mimi. Nikamshukuru Mungu: nilidhani nimepata Mwarabu wa kuzungumza naye.

Siku ya kwanza nilimwamkia kwa Kiarabu changu cha chuo cha Kurani, irabu zote mahali pake. Alinisikiliza kwa heshima hadi mwisho, kisha akajibu kwa Kiingereza cha kuokota kama changu, "Dada, mimi si Mwarabu. Kwetu tunasema Kiajemi. Umeniombea dua, au umeniuliza jina?"

Nilikuwa nimetarajia pia mama wa buibui jeusi, aliyenuna. Kumbe ni kichwa wazi, kucha nyekundu, na kicheko cha kupenya ukuta. Nikampelekea biriani ya pilipili, maana nilijua watu wa biriani ndio wao. Alikula vijiko viwili, akanywa maji glasi tatu, akaniambia machozi yale ni ya utamu.

Hapo ningepaswa kuielewa adabu yao. Sikuielewa.

Siku nyingine alinialika chai. Sebuleni palikuwa na zulia dogo jekundu, lina ndege pembeni. Akaniambia lilifumwa na marehemu mama yake, na ndilo alilotoka nalo kwao.

"Mashallah, zuri mno," nikasema.

Akaweka mkono kifuani. "Ni lako, dada. Lichukue."

Nimesomeshwa tangu utotoni kwamba zawadi haikataliwi. Kuikataa ni kumvunja mtu moyo. Basi nikamwombea mama yake rehema, nikalikunja zulia, nikalitia kwapani. Alinifungulia mlango akitabasamu, lakini mkono haukutoka kifuani.

Binti yangu, muuguzi huko Coon Rapids, aliporudi kazini alisimama mlangoni na koti lake.

"Mama, zulia hili umelitoa wapi?"

"Nimepewa na jirani."

"Ulilisifu?"

"Nililisifu."

"Subhanallah! Kazini kwetu yuko Mwajemi, ametueleza. Kwao ukisifu kitu, mwenyewe lazima aseme chukua, nawe lazima ukatae. Umempora mama wa watu!"

"Sikumpora. Nimemwombea dua."

"Mama, ukimpita mtu anakula akakwambia karibu, huwa unaketi?"

Nikalikunja tena zulia. Maisha yangu yote nimejibu "starehe", hata tumbo likinguruma.

Asubuhi nikalirudisha. Akakataa. "Limeshakuwa lako," akasema, na hakulitazama hata kidogo. Moyo ukaniuma. Nimemnyang'anya mtu mama yake, na adabu yake inamzuia kumdai.

Tukashauriana na binti yangu, naye akasema kwao anayetoa kwa dhati husisitiza hadi mara tatu; tukamwalika chai. Zulia nikalitandika miguuni pake ili alisifu. Akasifu mandazi. "Yako," nikasema. Akasifu vikombe. "Vyako." Akasifu mapazia, na hapo nikaingiwa na hofu, maana yalikuwa mapya. "Yako," nikasema kwa sauti ndogo. Vyote alivikataa vizuri. Zulia hakulitaja, ila alikuwa amevua viatu, na vidole vya miguu vilikuwa vikiwapapasa wale ndege.

Nikashindwa kuvumilia. "Na zulia je, unalionaje?"

"Zuri," akasema polepole.

"Ni lako, lichukue!" Chai ikanimwagikia.

"Haiwezekani, dada."

"Lichukue, nakuomba."

"Siwezi kabisa."

Kutoka jikoni binti yangu alininyooshea vidole viwili: bado mara moja.

"Wallahi, kwa ajili ya marehemu mama yako..."

Sikuimaliza sentensi. Alikuwa ameshapiga magoti analikunja, anacheka na kulia pamoja. Akanibusu mashavu yote mawili, akavuka kwake bila viatu, zulia kifuani, na mapazia akaniachia. Alhamdulillahi.