Pampu za Breki Chini ya Kitanda Changu

Nianze na aibu yenyewe, nisikuzungushe: pampu kumi na moja za breki za gari za zamani, zilizotengenezwa zikarudi kama mpya, nilizipaka mafuta ya kujipaka mwilini. Yale yale ya visigino vyangu.

Hazikuwa zangu. Zilikuwa za rafiki yangu fundi, tuliyepanga naye nyumba moja hapa Changamwe. Macho yalipomkataa, bintiye akamchukua akakae kwake Likoni. Hizo ndizo pampu za mwisho alizosugua na kutia raba mpya kwa mkono wake. Alizifunga moja moja kwenye nailoni, akaniachia nimtunzie, akanionya nisizifungue. Nikamwambia ondoa shaka, mimi hata vitabu vilinishinda kufungua, ndiyo maana darasa la sita nikaaga.

Nilivumilia miezi miwili. Lakini chumbani mke hayupo, watoto wako kwao, na ukuta haujibu salamu. Ijumaa moja nikafungua pampu moja, nitazame tu kazi ya mtu. Ijumaa ya pili, pampu tatu. Mwishowe nikawa nazipanga zote kitandani, nasukuma pistoni kwa kijiti, inapumua fsss, nami naitika. Wiki nzima maongezi yangu ndiyo hayo.

Halafu nikaona doa la kutu. Hewa yetu hii ya chumvi haina adabu. Nikazipaka mafuta ndani na nje, nikalala na raha ya mtu aliyetenda wema.

Baada ya majuma kadhaa fundi akanitumia mteja, mzee wa Port Reitz mwenye gari aina ya Pijo. Akasukuma pistoni, haikurudi. Raba zimevimba kama mahamri kwa yale mafuta yangu. Nikamfungulia nyingine, na nyingine, zote vile vile. Mzee akaninunia akaenda zake.

Raba hazikunitisha. Nilichoogopa ni kumpoteza fundi, ndiye mtu pekee anayenipigia simu bila kukosea namba.

Nikazitia guniani, nikavuka feri. Nikamweleza yote, hata zile Ijumaa. Akashika moja, akainusa, akaipapasa ndani kwa kidole. Binti akaleta chai, akaondoka, baba bado anapapasa. Nikamwambia, bwana, nitukane basi tumalize.

"Chuma kizima," akasema. "Raba tutatafuta, utazitia wewe, mimi nikuelekeze. Lakini kama ulikosa wa kuongea naye, ndugu yangu, Likoni ni Ulaya? Ungekuja. Mimi hapa miezi yote hii nabishana na redio."